Matunzo ya Mtoto Baada ya Wazazi Kuachana: Malipo ya Moja kwa Moja na Kumbukumbu Zake katika Arua na Koboko

Matunzo ya mtoto ambaye wazazi wake wameachana ni haki ya mtoto mwenyewe. Pesa hutoka kwa mzazi mmoja na kupokewa na mwingine, lakini anayepokea anazishika kwa amana. Zinakusudiwa kuwa chakula, nguo, malazi, dawa na shule. Katika Arua na Koboko, kama katika sehemu nyingi za Uganda, malipo haya kwa kawaida hayapiti katika ofisi yoyote. Baba hutuma pesa kwa simu, au humpa shemeji bahasha, au hushusha gunia la mihogo mikavu mlangoni, au hulipa ada shuleni mwenyewe. Kulipa hivyo ni halali, ni haraka, na hakuna makato ya ofisi ya kati. Kasoro yake ni moja: pesa zikishaliwa, hakuna kinachobaki kuonyesha kwamba zililipwa, isipokuwa maandishi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika matunzo anayepata hasara ya kwanza ni mtoto.

Wajibu na chimbuko lake

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 31, inawapa wazazi haki na wajibu wa kuwatunza na kuwalea watoto wao. Ibara ya 34 inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake na kulelewa nao. Wajibu huo umefafanuliwa katika Sheria ya Watoto, iliyoanza kama sheria ya mwaka 1996 na kurekebishwa mwaka 2016. Sheria hiyo inataja mahitaji ambayo mtoto lazima apatiwe: elimu na maongozi, chanjo, lishe ya kutosha, mavazi, makazi na matibabu. Orodha hii ina kazi kubwa katika makubaliano ya wazazi, kwa kuwa inaonyesha kwamba chakula ni fungu moja tu kati ya kadhaa.

Sheria haiulizi kama wazazi walifunga ndoa. Mtoto wa ndoa ya kanisani, wa nikahi, wa ndoa ya kimila na wa wazazi ambao hawakuoana kamwe wote wana haki sawa. Wajibu ni wa baba na mama pia. Mzazi anayekaa na mtoto hutoa mchango wake kila siku kwa kupika, kufua, kuuguza na kulipia pango. Asiyekaa na mtoto hutoa wake kwa pesa au vitu. Wajibu huo unaendelea hadi mtoto atimize miaka 18.

Kwa familia za Kiislamu, ambazo ni nyingi Koboko na miongoni mwa Wanubi wa mjini Arua, dini nayo inamtaka baba alishe na kuvisha watoto wake hata baada ya talaka, na jambo hilo limetajwa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233. Sura hiyohiyo, katika aya ya 282, inaagiza madeni ya muda yaandikwe na yashuhudiwe. Kwa hiyo mzazi anayedai risiti kutoka kwa mtalaka wake hajatoka nje ya adabu ya dini wala ya kimila. Katika vikao vya koo za Walugbara na Wakakwa pia, jambo zito husemwa mbele ya watu wanaoweza kuitwa baadaye kulithibitisha. Daftari ni shahidi wa aina hiyo, ila lenyewe halihami kijiji wala halifi.

Kiasi kinavyopangwa

Uganda haina kipimo rasmi kinachosema mtoto mmoja alipwe kiasi gani kwa mwezi. Mahakama huangalia mazingira ya kesi na uwezo wa mzazi anayedaiwa. Wazazi wanaopatana wenyewe wanaweza kufuata njia hiyohiyo: waorodheshe mahitaji ya mtoto kwa mwezi na kwa muhula, waorodheshe mapato ya kila upande, kisha wagawane mzigo.

Historia ya nchi jirani inaonyesha hatari ya kupanga kiasi na kukisahau. Nchini Tanzania, chini ya sheria ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, mahakama haikuweza kuamuru zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto. Bei zilipanda miaka nenda miaka rudi huku kiwango kikibaki palepale, mpaka Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipokiondoa. Makubaliano ya wazazi yanaweza kuzeeka vivyo hivyo. Kiasi kilichotosha mtoto akiwa ananyonya hakitoshi akiingia darasa la kwanza, na cha darasa la kwanza hakitoshi akifika sekondari. Ndiyo maana mkataba mzuri huweka tarehe ya kuangalia upya kiasi, kwa mfano kila mwanzo wa mwaka wa shule mwezi wa Februari.

Mapato ya watu wengi wa West Nile, eneo lenye Arua na Koboko, hayaji kwa mshahara wa mwisho wa mwezi. Mwendesha bodaboda wa Koboko hupata pesa kila siku, kidogo kidogo. Mkulima wa tumbaku au simsim hupata fungu moja baada ya mavuno. Mfanyabiashara wa mpakani huwa nazo wiki hii na kukaukiwa wiki ijayo. Mkataba unaomdai mkulima kiasi kilekile kila mwezi huzaa malimbikizo hata pale ambapo nia ni njema. Bora mkulima atoe chakula na kiasi kidogo kila mwezi, kisha alipe ada na nguo baada ya kuuza mazao. Mwendesha bodaboda naye anaweza kutuma kila Jumamosi. Ratiba ikiendana na namna pesa zinavyoingia, hulipika.

Makubaliano ya maandishi

Kabla ya malipo ya kwanza, kunahitajika karatasi. Si lazima iandikwe na wakili. Inatosha ikiwa inataja majina kamili ya wazazi, jina na tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto, kiasi, siku ya kulipa, njia ya kulipa, nani analipa ada na nani analipa matibabu, na tarehe ya kuangalia upya. Itaje pia nani anabeba gharama ya kutoa pesa kwa wakala. Tangu mwaka 2018 Uganda ina kodi ya pesa za simu. Ilianza kwa asilimia 1 ya miamala, ikapunguzwa mwaka huohuo kuwa asilimia 0.5 na kubaki kwenye kutoa pesa tu. Kodi hiyo ikiongezwa kwenye ada ya kampuni, anayetumiwa shilingi 100,000 hashiki 100,000 mkononi. Wazazi wengi hugombana juu ya tofauti hiyo ndogo kwa sababu hawakuizungumza mwanzoni. Sentensi moja inatosha: mlipaji anaongeza pesa ya kutolea, au mpokeaji anakubali kuibeba.

Mahali pa kuandikia makubaliano haya ni ofisi ya afisa wa uangalizi na ustawi wa jamii. Koboko ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Arua hadi mwaka 2005, ilipokuwa wilaya kamili yenye ofisi zake. Arua nayo ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, hivyo jiji na wilaya vina tawala tofauti, na mzazi huenda katika ile inayohusika na mahali anapoishi. Afisa huwaita wazazi wote wawili, huwasikiliza, huandika walichokubaliana, na kila mmoja hutia sahihi. Nakala hubaki ofisini, kwa hiyo hata nyumba ikiungua, makubaliano hayapotei.

Kijijini, kazi ya kwanza ya kusuluhisha hufanywa na halmashauri ya LC1, ambako makamu mwenyekiti ndiye anayeshughulikia mambo ya watoto. Barua ya LC1 yenye muhuri ni ushahidi mzuri wa kilichokubaliwa. Hata hivyo haina nguvu ya amri ya matunzo, ambayo hutolewa na Mahakama ya Familia na Watoto.

Mzazi asiyejua kusoma na kuandika analindwa na sheria ya pekee, ya mwaka 1918, inayowahusu watu wasiojua kusoma. Anayemwandikia mtu huyo hati lazima aandike juu ya hati hiyo jina lake kamili na anwani yake kama mwandishi. Kwa kufanya hivyo anathibitisha kwamba aliagizwa kuiandika na kwamba maneno yaliyomo ndiyo aliyoelezwa. Alama ya dole gumba bila jina la mwandishi ni mlango wazi wa ubishi. Maandishi yenyewe yanaweza kuwa ya Kiswahili, Kilugbara, Kikakwa au Kiingereza, almradi kila mmoja asomewe kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia alama yake.

Njia za kulipa na alama zinazoacha

Pesa taslimu ndiyo njia nyepesi kuliko zote na ndiyo ngumu kuliko zote kuithibitisha. Kila malipo ya taslimu yanahitaji stakabadhi iandikwe papo hapo, pesa zikiwa bado mezani. Mfano wa maneno yanayotosha ni huu: "Nimepokea leo, tarehe 9 Machi, kutoka kwa baba wa mtoto, shilingi 60,000 (elfu sitini), taslimu, zikiwa sehemu ya matunzo ya mtoto ya mwezi wa Machi. Zimebaki shilingi 40,000 za mwezi huo." Chini yake huwekwa majina na sahihi za mama, baba na shahidi mmoja. Maneno "sehemu ya" na "zimebaki" ni ya lazima, kwa kuwa yanamlinda mpokeaji asije akaambiwa kwamba aliridhika na 60,000. Tarehe na mwezi unaolipiwa vinamlinda mlipaji asidaiwe Machi mara ya pili.

Pesa kwa simu zilianza Uganda mwaka 2009 na sasa ndizo njia kuu. Kila muamala huacha ujumbe wenye namba ya muamala, kiasi, tarehe, saa, na jina la mpokeaji. Pale ambapo huduma inaruhusu kuandika sababu, mlipaji aandike "matunzo Machi" badala ya kuacha wazi. Bila hayo, shilingi 100,000 zilizotumwa kwa mtalaka zinaweza kuelezwa baadaye kuwa mkopo, zawadi, au malipo ya mbuzi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inakubali kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi. Hakimu hataukataa ujumbe wa simu kwa sababu tu ni wa simu, ingawa atapima kama unaaminika.

Tatizo moja hujitokeza mara kwa mara. Laini za simu Uganda husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na mama asiye na kitambulisho hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la kaka, dada au rafiki. Ujumbe wa malipo hutaja jina la mwenye laini, na mbele ya hakimu inaonekana kwamba baba alimtumia pesa mtu mwingine kabisa. Dawa yake ni kuiandika namba hiyo katika makubaliano: mama anaeleza kwamba matunzo yatumwe kwenye namba fulani, iliyosajiliwa kwa jina la fulani, na kwamba pesa zikifika huko zimemfikia yeye. Mwenye laini naye atie sahihi. Namba ikibadilika, andiko jipya lifanywe. Vilevile namba ya siri ibaki kwa mpokeaji mwenyewe. Mama anayempa mtu mwingine namba ya siri huenda asijue ni miezi mingapi pesa za mtoto zimetumika kwa mambo mengine.

Ujumbe wa simu haukai milele. Simu huibwa, huingia maji, au hufutwa ujumbe ili kupata nafasi. Kwa hiyo siku hiyohiyo namba ya muamala inakiliwa katika daftari, na mara moja au mbili kwa mwaka mlipaji anaomba taarifa ya miamala kutoka kwa kampuni ya simu na kuihifadhi.

Benki huacha alama imara zaidi. Akaunti inayotumika kwa matunzo pekee hurahisisha mambo: taarifa yake ni daftari lililoandikwa na mtu asiye na upande.

Ada na mahitaji ya shule ni bora zilipwe moja kwa moja kwa shule, benki ya shule, au kwa namba ya malipo ya mwanafunzi pale shule inapoitumia. Karatasi ya benki huonyesha jina la mtoto, darasa na muhula. Mlipaji abaki na nakala halisi na ampe mzazi mwenzake nakala ya kivuli, kwa sababu huyo mwenzake ndiye anayemkabidhi mtoto shuleni na ndiye anayeitwa ada ikidaiwa. Mwaka wa shule una mihula mitatu, hivyo kwa mtoto mmoja kuna angalau karatasi tatu kwa mwaka. Ikikosekana moja, pengo linaonekana mara moja.

Matibabu yanahitaji uangalifu wa aina nyingine, kwani hayana ratiba. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua ni ya serikali, lakini mgonjwa akiandikiwa dawa isiyokuwepo hupelekwa kununua duka la dawa. Mzazi aliyenunua aombe risiti yenye tarehe, aiambatanishe na karatasi ya daktari, na amjulishe mwenzake kwa ujumbe ndani ya siku chache. Bili inayotolewa mfukoni baada ya miezi minane, bila karatasi ya daktari, huzua ugomvi hata kama ni ya kweli.

Vitu navyo ni matunzo vikikubaliwa hivyo. Gunia la mihogo, maharage, sare ya shule, godoro, viatu vya Idi au vya Krismasi, vyote vina thamani. Swali ni kama vinahesabiwa ndani ya kiasi cha mwezi au ni nyongeza ya hiari. Makubaliano yaseme wazi: chakula cha shamba kitahesabiwa kwa bei ya soko ya siku hiyo, na zawadi za sikukuu hazihesabiwi. Bila kifungu hicho, baba atatoa baiskeli akaamini amelipa miezi miwili, na mama ataipokea akiamini ni zawadi, na wote wawili watakuwa wakisema kweli.

Daftari la matunzo

Daftari la shule la kurasa 96 linatosha kwa miaka kadhaa. Ukurasa wa kwanza hunakiliwa makubaliano kwa ufupi. Kurasa zinazofuata huchorwa safu sita: tarehe, mwezi au jambo linalolipiwa, kiasi, njia na namba ya muamala, sahihi, na deni lililobaki. Mfano wa miezi mitatu ambapo kiasi cha mwezi ni shilingi 100,000 ungekuwa hivi:

Tarehe 5 Februari: matunzo ya Februari, 100,000, kwa simu, namba ya muamala imeandikwa, deni hakuna.

Tarehe 9 Machi: sehemu ya matunzo ya Machi, 60,000, taslimu, sahihi ya mama na ya shahidi, deni 40,000.

Tarehe 4 Aprili: matunzo ya Aprili 100,000 pamoja na baki la Machi 40,000, jumla 140,000, kwa simu, deni hakuna.

Mistari hii mitatu inaeleza mambo ambayo yangechukua nusu siku kuyabishania. Inaonyesha kwamba Machi ilichelewa na kupunguka, kwamba mlipaji alijua anadaiwa, na kwamba alilipa alipopata.

Daftari la upande mmoja lina nguvu ndogo, kwa sababu mtu anaweza kujiandikia anachotaka. Nguvu yake huongezeka kwa mambo matatu: kuandikwa siku ileile ya malipo, kuungwa mkono na karatasi au ujumbe wa nje, na kukubaliwa na upande wa pili. Kwa hiyo kila mzazi awe na daftari lake, na mwisho wa kila muhula wa shule wayalinganishe na kutia sahihi mstari unaosema deni ni kiasi gani au halipo. Wazazi wasioweza kukaa pamoja bila kelele wanaweza kulinganisha mbele ya shangazi, imamu, katekista au mwenyekiti wa LC1.

Palipokosewa pakatwe kwa mstari mmoja unaoacha maneno ya chini yakisomeka, kisha paandikwe sahihi na kutiwa alama. Kurasa zisichanwe. Risiti za mashine hufifia kwa joto, hivyo zipigwe picha au nakala mapema. Karatasi zote ziwekwe ndani ya mfuko wa nailoni na kuwekwa kwenye kopo au sanduku la bati, mahali ambapo mchwa na maji ya paa hayafiki.

Mpokeaji anahitaji daftari kama mlipaji. Hana wajibu wa kutoa hesabu ya kila sabuni na kila fungu la mboga, na mlipaji asigeuze matunzo kuwa njia ya kumtawala mtalaka wake. Lakini kumbukumbu ya gharama kubwa, yaani ada, dawa, nguo na pango, humsaidia anapoomba kiasi kiongezwe. Anayesema pesa hazitoshi akiwa na karatasi mkononi husikilizwa upesi.

Malipo yanayovuka mpaka

Arua na Koboko ziko kwenye kona ya nchi tatu. Barabara ya lami inatoka Vurra kwenye mpaka wa Kongo, inapita Arua na Koboko, hadi Oraba, na ng'ambo ya Oraba ni Kaya ya Sudan Kusini. Baada ya mkataba wa amani wa Sudan wa mwaka 2005, Waganda wengi walikwenda Juba kufanya biashara na ujenzi, na wengi walikimbia kurudi vita vilipozuka Desemba 2013 na tena Julai 2016. Wengine hufanya biashara Ariwara, upande wa Kongo. Upande wa pili, familia za wakimbizi wanaoishi Lobule wilayani Koboko au Rhino Camp huwa na baba au mama aliyebaki ng'ambo. Mtoto anaishi Koboko, mzazi anachuma kwa pauni za Sudan Kusini.

Katika hali hii kuna mambo mawili ya kuandika zaidi. La kwanza ni sarafu. Makubaliano yataje kiasi kwa shilingi za Uganda, kwa kuwa ndizo zinazonunua unga Koboko, na daftari lionyeshe kiasi kilichotumwa, bei ya kubadilishia siku hiyo, na shilingi zilizopokewa. Pauni ya Sudan Kusini imeshuka mno tangu uhuru wa mwaka 2011. Kiasi kilekile cha pauni kilichotosha mwaka mmoja kinaweza kuwa nusu ya mahitaji mwaka unaofuata bila mtu yeyote kufanya ujanja.

La pili ni mjumbe. Pesa zinazopitia kwa dereva wa basi au mfanyabiashara rafiki zina hatua mbili, na kila hatua inataka andiko lake: mjumbe anasaini alipopokea Juba, na mama anasaini alipopokea Koboko. Mjumbe huyo ni wa aliyemtuma. Zikipotea njiani, mtoto bado hajala, na mlipaji bado anadaiwa.

Mambo yasiyochanganywa na matunzo

Katika vikao vya koo, mahari na matunzo huletwa mezani kwa pamoja. Ukoo wa mume unaweza kusema kwamba hautatoa matunzo hadi ng'ombe warudishwe, au ukoo wa mke unaweza kumzuia mtoto hadi ng'ombe waliobaki walipwe. Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi ya shirika la MIFUMI iliyoamuliwa Agosti 2015, ilisema kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Hata kabla ya hukumu hiyo, mtoto hakuwa sehemu ya deni la ng'ombe. Mambo haya yaandikwe katika karatasi tofauti, na siku tofauti ikiwezekana.

Jambo la pili ni kumwona mtoto. Mlipaji akinyimwa nafasi ya kuonana na mtoto, haruhusiwi kukata matunzo. Na mzazi asipolipa, mtoto hapotezi kwa hilo peke yake haki ya kumjua. Kila moja ina njia yake ya kudaiwa. Kukata chakula ili kumwadhibu mama ni kumwadhibu anayekula.

La tatu ni amri ya mahakama. Ikiwepo amri, wazazi hawaibadilishi kwa mdomo. Mama akimwambia baba mwezi huu alete nusu tu, baba aliyelipa nusu bado anadaiwa nusu ya pili kwa mujibu wa amri. Aliyepoteza kazi au kuugua arudi mahakamani kuomba kiasi kibadilishwe mapema, kabla ya malimbikizo kumlemea.

Mzozo unapofika mahakamani

Mzazi anayekaa na mtoto, awe mama, baba au mlezi, anaweza kuomba amri ya matunzo katika Mahakama ya Familia na Watoto ya mahali anapoishi. Mama aliyeko Koboko hana haja ya kumfuata baba Arua au Kampala. Ombi hutolewa kwa kiapo, na linaweza kupelekwa wakati wa mimba au wakati wowote kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Mahakama humwita anayedaiwa, husikiliza pande zote, na huweza kuamuru kiasi cha kila mwezi. Asiyetii amri anaweza kukamatiwa mali au kukatwa mapato yake. Namba za vifungu zilibadilika baada ya toleo jipya la sheria za Uganda kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, kwa hiyo barua za zamani zinaweza kutaja namba tofauti kwa sheria ileile.

Asiye na wakili anaweza kuanzia kwa afisa wa ustawi wa jamii, au kitengo cha polisi cha ulinzi wa mtoto na familia, au kwa wanaotoa msaada wa kisheria bila malipo, kama FIDA-Uganda, chama cha mawakili wanawake kilichoanzishwa mwaka 1974. Mtoto aliyetelekezwa anaweza pia kuripotiwa kwa simu ya bure namba 116, inayojulikana kama Sauti. Pale ambapo kukutana na mtalaka kunaleta kipigo au vitisho, malipo ya mkono kwa mkono yaachwe kabisa. Simu, benki na shule zinatosha, na Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010 inahesabu pia unyanyasaji wa kiuchumi.

Siku ya kesi, anayekuja na maneno matupu na anayekuja na daftari hawapimwi sawa. Vitu vya kuchukua ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto au kadi yake ya chanjo, makubaliano, daftari, stakabadhi zilizopangwa kwa mwezi, taarifa ya miamala ya simu, karatasi za shule na za hospitali, na majina ya mashahidi. Nakala ziwe seti tatu: ya mahakama, ya upande wa pili na ya mwenyewe.

Nchi nyingine zimechagua kuiweka serikali katikati. Uingereza ina ofisi ya serikali ya matunzo ambayo wazazi wanaweza kuiacha ikokotoe kiasi, kisha wakalipana wenyewe bila makato ya kila malipo. Ofisi hiyo ikilazimika kukusanya, mlipaji huongezewa asilimia 20 na mpokeaji hukatwa asilimia 4. Hata huko, basi, kulipana moja kwa moja ndiko kunakopendelewa, na wanaolipana hushauriwa kutunza kumbukumbu. Katika Arua na Koboko, ambako hakuna ofisi ya namna hiyo, kazi yake yote inabaki mikononi mwa wazazi wawili na madaftari yao.

Mtoto akitimiza miaka 18, wazazi walinganishe hesabu mara ya mwisho na kuandika kama kuna deni. Malimbikizo hayafutiki kwa sababu mtoto amekua. Makubaliano, madaftari na stakabadhi vihifadhiwe miaka kadhaa baada ya hapo, hasa kama kulikuwa na kesi. Na ikiwa kijana bado yuko shule au chuo na wazazi wanataka kuendelea kumsaidia, waandike makubaliano mapya, safari hii kijana mwenyewe akiwepo na akitia sahihi yake.